Ua Usioonekana kutoka Ghorofani

Kazi yangu ni kuwatembeza watu ndani ya nyumba ambazo bado hazijajengwa. Ninawafundisha wakandarasi na wateja wao programu ya kuchora majengo. Nyumba nzima inachorwa kwenye kompyuta, kuta, mabomba na nyaya, kisha inahifadhiwa mtandaoni, na kila aliyepewa ruhusa anaifungua kwa simu au kishikwambi chake popote alipo. Hapa Tanga wengi hunisikiliza kwa adabu, wananipa chai, halafu wanarudi kwenye karatasi zao. Siwalaumu. Karatasi unaikunja, unaitia mfukoni, na umeme ukikatika bado inasomeka.

Mkandarasi mmoja alikubali kujaribu. Ni Mshambaa wa makamo, mzee wa kanisa huko kwao milimani. Alikuwa anaanza nyumba Nguvumali, ya mama mjane wa ukoo wenye asili ya Omani, na mtoto wa mama huyo, anayefanya kazi Maskati, alikuwa amechoka kutumiwa picha za michoro asizoweza kuzisoma.

Nyumba ya zamani ilikuwa imebomolewa nusu. Mama na mkaza mwana wake walikuwa wakiishi kwenye vyumba vya mbele vilivyobaki. Siku ya kwanza nilimkuta barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayechora?"

"Anachora mkandarasi. Mimi namfundisha."

"Basi mfundishe hili moja. Vyumba vikiwa vidogo nitaishi. Nataka ua. Nikae kichwa wazi, nichambue mchele wangu, asinitazame mtu."

Akanyoosha kidevu kuelekea nyuma. Jirani alikuwa ameongeza ghorofa moja, kisha nyingine, zote zina roshani upande ule. Mkaza mwana alinieleza baadaye kwamba tangu hapo mama huosha vyombo na buibui mwilini.

Mkandarasi alikuwa amelishughulikia jambo hilo kwenye karatasi: ukuta wa ua ulikuwa mrefu kuliko kuta zote za mtaa ule. Mama aliridhika, manispaa walipitisha, na kamba za msingi zilikwishavutwa. Programu yangu ilikuwa ya kumfurahisha kijana wa Maskati tu.

Tuliitoa televisheni ya mama tukaiweka barazani, wote wauone mchoro. Mkandarasi na fundi bomba, Mdigo wa Makorora mwenye maneno mengi, walikaa kwenye benchi. Mama na mkaza mwana walikaa karibu na mlango. Kijana alikuwa hewani kwa simu. Mkandarasi alikuwa amejifunza haraka. Alichora hata nyumba za majirani, kama nilivyomwelekeza, ili tuone kivuli kinaangukia wapi. Tena, kutoka kwenye ghala la picha za watu linalokuja na programu, alichukua mwanamke akamsimamisha uani. Mikono wazi, nywele mabegani.

"Nyumba bila mtu inapooza," alisema.

Fundi bomba akamwomba aonyeshe nyumba kutoka juu, aone tangi la maji litakaa wapi. Mkandarasi akapandisha, akapita juu ya ukuta, akatua kwenye roshani ya jirani. Kutoka pale ua wote ulikuwa chini yetu kama sinia, na yule mwanamke katikati.

"Mkandarasi," fundi bomba akasema, "kwenu baridi kali, huyu mbona umemvua shuka?"

Mkandarasi akacheka. Mama hakucheka.

"Zima," alisema. Akainuka, akaingia ndani, pazia likarudi.

Simu ikauliza kutoka Maskati, "Mbona kimya? Mnanisikia?"

"Nimemkosea mama wa watu," mkandarasi alinong'ona, akamfuta mwanamke yule palepale. Nikamwambia sidhani kama ni picha iliyomuudhi. Mama alikuwa amejiona mwenyewe, kama jirani atakavyomwona. Ukuta tuliousifu ni mrefu kwa mtu aliyesimama chini, na karatasi haikuwa na jirani.

Baada ya muda mkaza mwana alichungulia. "Unaitwa. Njoo na hicho kishikwambi. Wao wakae."

Ndani, mama alikuwa ameketi kitandani. "Humo naweza kwenda kwa jirani?"

"Unaweza."

"Nipeleke."

Nilimwonyesha namna ya kusogea kwa kidole. Alikwenda dirisha kwa dirisha, roshani kwa roshani, na kila alipofika aligeuka akatazama kwake. Mimi nimelelewa kwenye kambi ya shamba la mkonge, nyumba mgongo kwa mgongo, bomba moja la wote. Kuonekana na jirani kwetu ilikuwa ndiyo ulinzi. Mama yangu akikosa kuonekana asubuhi, watu walikuja kugonga. Nilimtazama mwanamke huyu akichungulia maisha yake kutoka dirisha la mtu mwingine, nikaona kwamba ua nilikuwa nimeuhesabu kama chumba kisicho na paa, basi.

Maandishi yakatokea juu ya ua: kijana wa Maskati alikuwa anafuatilia. Mkaza mwana akasoma, "Mama, weka bati juu."

"Mwambie mimi si mahindi, siwekwi ghalani."

Akaendelea. Mwishowe kidole kikasimama nyuma ya jiko, kati ya jiko na chumba cha kusini. Kutoka kila dirisha la jirani, pale palifichwa na nyumba yenyewe. Ni hapohapo fundi bomba alipokuwa amepanga shimo la maji machafu.

Tulirudi barazani. "Shimo lihame," mama alisema. "Ua uje pale."

"Mama, bomba litazunguka nyumba nzima," fundi bomba akasema.

"Na lizunguke. Mimi nimezunguka na buibui kwangu mwenyewe."

Fundi bomba akamtazama mkandarasi. Mkandarasi akashusha pumzi. Manispaa ingebidi warudiwe, na kamba zing'olewe. "Kwenye karatasi ningekukatalia, mama," alisema. "Humu nitabadilisha leo."

"Badilisha. Ila usichimbe. Hiyo ni picha, inasema inachoambiwa." Akanigeukia. "Wewe ni mwanamke mwenzangu. Nenda kwa jirani ukapige hodi."

Mke wa jirani alinipandisha hadi juu bila kuuliza. Nilipomweleza, alishika shavu. "Kumbe. Mimi humsalimia kutoka hapa, haitikii. Nikadhani nimemuudhi."

Chini, kamba zilikuwa zimevutwa upya. Mafundi walisimamisha mirunda palipotakiwa kuwa ukuta wa jiko, wakainua turubai hadi urefu ambao mkandarasi aliupima. Nyuma yake, mama aliingia. Nilihama kutoka roshani hii hadi ile, na mke wa jirani akinifuata, akiinama, akijinyoosha, akipanda hata juu ya kigoda. Simu yangu ikalia.

"Unaniona?"

"Sikuoni, mama."

"Na huyo mwenye nyumba?"

Nikampa simu. "Hatukuoni, jirani," alisema, kisha akaongeza, "Shikamoo."

Mafundi walikuwa wakilalamika kwamba turubai ni zito. Halafu nikasikia marahaba, na sauti ya mama ikimwambia mkandarasi achimbe.