Farasi Aliyesoma Magoti ya Mama Shirleen

Jacinta, yule Mama Shirleen, alifundisha watu kupanda farasi nje kidogo ya Kitengela, kwa Mzee Gakuru mwenye farasi, na usidanganywe na lile umbo lake dogo. Alikuwa na moyo, huyo! Wenzake kanisani walimcheka miaka ya tisini, ati mama mzima na suruali juu ya mnyama. Aliwaacha wacheke.

Halafu mwaka wa 2001 Lemayian, farasi mweusi ambaye Jacinta mwenyewe alimlea tangu akiwa mdogo, akamwangusha kwenye korongo. Bega likavunjika. Alipopona na kumpanda tena, Lemayian akagoma kuvuka pale. Akifika ukingoni anatetemeka, anarudi kinyumenyume. Gakuru akakata maneno: asipovuka Jumapili, anauzwa.

Jacinta akajikaza, na hapo ndipo alipokosea. Kwao mtu hulia matangani. Kwingine kote anameza machozi. Basi alitabasamu, akampapasa farasi shingo, akamwambia twende kwa sauti ya furaha. Wapi! Magoti yake yalikuwa yanambana mnyama kama koleo, na pumzi ameifungia kifuani. Lemayian angeamini nini, mdomo au magoti?

Jumapili ilipofika, Gakuru akasimama kando, mikono nyuma. Jacinta alikuwa amechoka kuigiza. Aliinamia shingo ya farasi.

"Lemayian, mimi naogopa hapa. Naogopa sana."

Machozi yakamtoka mbele ya mwajiri wake, na aibu ikamshika. Lakini pumzi nayo ikatoka, magoti yakalegea. Farasi akageuza sikio moja nyuma, akashusha kichwa, akateremka korongoni taratibu, akapanda ng'ambo, akarudi vilevile. Jamani, yule mama alishuka akicheka na kulia kwa pamoja.

Gakuru hakuamini. Akataka kupanda mwenyewe aone. Jacinta akashikilia hatamu, hakumpa.

"Mzee, kwanza sema uko na nini moyoni."

"Sina kitu."

"Basi huyu hutampanda."

Nani mwingine pale angethubutu kumwambia Gakuru hivyo? Mzee akageukia korongo, akasema kwa sauti ya chini:

"Siku ile nilikuokota hapo, Mama Shirleen, nilidhani umekufa. Tangu hapo nikimwona huyu farasi natetemeka. Ndiyo maana nilitaka aende."

Jacinta akampa hatamu.