Bosi Aliyetaka Kamba Fupi

Mimi kwa umri nilio nao hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Majambazi wamenisimamisha njia ya Kainuk wakachukua mpaka soksi. Nimekaa kutwa nzima juu ya paa la kabini, maji ya laga, mto wa msimu, yakipita chini yangu na magunia ya watu. Nimeona afisa mwenye digrii mbili akishindwa kufungua boneti. Nina malori matano yanayotembea kutoka Kitale mpaka Lokichoggio, hata moja si ya benki, na shule niliiacha darasa la nne. Wanaonijua Lodwar watawaambia: huyo mzee hatikisiki.

Lakini juzi fundi wangu alikuwa anatoboa mpira wa madigadi pale yadi. Alikuwa amepasha msumari kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, na ule moshi ukanipata nikiwa na kikombe mkononi. Nikakiweka chini. Fundi akaniuliza, "Mzee, chai imepoa?" Nikamwambia ndiyo, imepoa. Lodwar, mchana wa jua kali, chai ipoe wapi! Ilikuwa ile harufu.

Ndiyo harufu ya utoto wangu. Mliokulia huku mnaijua. Magurudumu tulikata kutoka kwa slipa zilizokatika, unazungushia wembe polepole, kisha unatoboa katikati kwa msumari wa moto ili waya ipite. Mpira unalia, unatoa moshi mweusi unaoingia mpaka kooni, na chakula cha jioni kinakuwa na ladha ya slipa.

Tulikaa upande wa Nawoitorong, mama na mimi, kwenye nyumba ya miti na majani ya mikoma. Mama alisuka vikapu akauza. Baba alikuwa dereva wa tajiri mmoja aliyepeleka chakula cha msaada Kakuma na Loki. Lori ikipita Lodwar alilala kwetu, asubuhi anapotea tena. Lori yenyewe niliijua kwa sauti. Ikikaribia daraja la Turkwel alibadilisha gia mara mbili, na ile ya pili ililia kama mbuzi aliyekanyagwa. Vumbi likija kutua, mimi nilikuwa nimeshafika barabarani.

Watoto wengine walitengeneza gari. Gari tu, lolote. Mimi nilitengeneza lori ya baba, na naomba muelewe tofauti. Nililala chini yake injini ikiwa bado moto, oili ikinidondokea shingoni, nikaipima yote kwa shubiri. Kila shubiri ya lori ikawa upana wa kidole changu cha mwisho kwenye bati. Sikufundishwa na mtu. Mpaka leo mainjinia wakianza habari zao za skeli nawaangalia tu nikicheka moyoni. Bati nilitoa kwenye makopo ya mafuta ya msaada, nikilikata kwa kisu cha babu, kile cha mviringo wazee wetu walichovaa mkononi kama bangili. Springi zilitoka kwenye ukanda wa chuma wa kufungia marobota. Turubai ilikuwa mguu wa suruali ya baba mwenyewe. Bampa niliipinda upande wa kushoto, maana ile ya lori ya baba ilikuwa imepinda kushoto, aliwahi kugonga ngamia. Taa za mbele ndizo zilinishinda. Mama aliniona nikihangaika, akakata uzi shingoni kwake, akanipa shanga mbili nyeupe. Tangu siku hiyo kila lori ilikula shanga mbili za mama.

Siku nilipomwonyesha baba ile ya kwanza, aliiinua juu, akaigeuza chini-juu, akavua miwani yake nyeusi.

"Na tangi ya pili iko wapi? Mimi naendesha lori ya tangi moja?"

Tanboi wake, msaidizi wa lori, akacheka mpaka akakaa chini. Nilikimbia nikaongeza tangi kabla ugali haujaiva. Ndipo baba akaibeba mpaka kwenye kabini, akasema, "Hii naenda kuonyesha bosi. Bosi akiona hii, Ekiru, utaandikwa gereji ukiwa na meno ya maziwa. Na ukimaliza ile ya trela, tunaenda wote mpaka Loki. Wewe na mimi, mbele."

Mbele! Nilitaka nini kingine duniani? Nilishaipima ile kabini kwa shubiri, najua usukani uko umbali gani na mlango, lakini sikuwahi kukaa ndani ikitembea. Mtoto wa dereva, na nilikuwa naiona barabara ya Loki kama mtu anayeangalia nyama ya jirani.

Basi nikawa na kazi. Kila safari baba alibeba lori moja, na kila akirudi alileta maagizo. Bosi anataka milango ifunguke. Bosi anataka moja ya kubeba ng'ombe. Bosi analalamika gurudumu la nyuma limetoka. Safari moja akasema, "Bosi anasema kamba ya kuvutia ni ndefu, inamkwaza." Nikaifupisha. Nikajua kumbe bosi ni mtu mfupi. Nilimhurumia kidogo, tajiri mzima, halafu mfupi hivyo, akivuta lori pale ofisini mbele ya makarani.

Shule niliiacha hapo. Mwalimu aliponiuliza ninataka kuwa nani, nilimjibu mimi nina kazi tayari, na darasa lote likacheka isipokuwa mimi. Mama alinung'unika, "Hizo makopo zitakulisha?" lakini mkono wake ulikuwa umeshakwenda shingoni kutafuta uzi.

Ile ya trela ilinimaliza kiangazi kizima. Niliunganisha trela na lori kwa pini, ikikata kona trela inafuata yenyewe, bila kuanguka. Baba alipokuja aliivuta mchangani, akaipeleka huku na huku, na kwa mara ya kwanza hakuona kosa. "Kesho," akasema. "Jua likichomoza tunatoka."

Nilioga. Nilivaa shati la Jumapili. Alfajiri baba akanipa jerikeni, akaniambia, "Kimbia mtoni ujaze, maji ya rejeta." Nilikimbia nikijua hayo ndiyo maji yatakayotufikisha Loki, nikarudi jerikeni ikinivuta bega mpaka chini. Pale lori ilipokuwa palikuwa na doa la oili mchangani. Lori yangu ya trela pia haikuwepo. Mama alikuwa mlangoni na kikapu chake.

"Amekumbuka ana haraka," akasema, bila kuinua macho.

Mtoto mwingine angelia. Mimi nilienda barabarani nikasimamisha lori ya watu wengine. Dereva wake alinijua sura. "Wewe si kijana wa dere wa tajiri?" Nikadanganya kwamba baba ananingoja Kakuma. "Basi panda juu, nitakushusha karibu na kwake." Nilikaa juu ya magunia ya mahindi, upepo wa moto ukinipiga mdomoni, nikijiuliza baba anawezaje kuwa na kwake Kakuma.

Alinishusha ng'ambo ya laga ya Tarach, akanielekeza kwa kidole. Palikuwa na boma safi, kiwanja kimefagiliwa. Mchangani mtu alikuwa amechora barabara ndefu yenye kona na madaraja ya vijiti, na kando yake yameegeshwa malori yangu. Yote. Ya ng'ombe, ya milango, ile ya kwanza yenye tangi la kubandika. Na mtoto wa kama miaka mitano, mwenye paji la baba, alikuwa anavuta ile ya trela kwa kamba fupi.

"Ejok," nikamsalimia.

"Ejok-noi. Usikanyage barabara."

"Hizi lori ni za nani?"

"Zangu. Papa anatengeneza." Aliniangalia miguu, akaona nimesogea, akaridhika. "Anatengeneza akiwa safari, lori ikilala. Wewe papa yako anajua kutengeneza kitu?"

Kabla sijajibu baba alitoka nyumbani akiwa na fulana ya ndani na kikombe cha chai, na nyuma yake mwanamke. Msifikiri niliumia kwa sababu ya mwanamke. Kwetu mwanaume kuoa tena si habari, na mama alimjua huyu Mama Ewoi kwa jina. Baba mwenyewe hakuona haya hata kidogo. "Ewoi," akamwambia mtoto, "huyu ni kaka yako mkubwa, Ekiru, wa Lodwar."

Ewoi alifurahi. Akanishika mkono. "Kaka, na wewe Papa anakutengenezea?"

Nikamtazama baba. Kikombe kilikuwa kimesimama karibu na mdomo wake, hakinyweki wala hakishuki. Mtu huyu aliyetukana polisi wa vizuizi, aliyelala porini na magunia ya chakula bila bunduki, alikuwa ananiogopa. Nilikuwa na miaka kumi.

"Hapana," nikasema. "Mimi hanitengenezei."

Ewoi akasikitika kabisa. Alikimbia kwenye mstari wa malori, akafikiri, akachagua, akaniletea ile ya kwanza. "Chukua hii. Imeharibika kidogo, lakini Papa atakurekebishia." Mama Ewoi akamsifu kwa roho nzuri. Baba akanywa chai yake.

Kesho yake nilirudi Lodwar nikiwa nimekaa mbele. Ndiyo, hatimaye mbele. Sikumbuki hata mti mmoja wa njia ile. Tulipovuka Tarach baba alizima redio, akasema, "Yule ni mdogo. Lazima aone baba yake anaweza kitu. Wewe ni mkubwa, unaelewa." Nikasema naelewa. Lori niliyopewa niliisukuma chini ya kiti kwa kisigino, nikaiacha huko.

Mama alikuwa amekaa palepale na kikapu. "Shanga bado ziko?" akauliza.

"Ziko."

Akaendelea kusuka. Alikuwa anajua zinakokwenda siku zote. Alijua, na bado alikata uzi, kwa sababu mimi nilikuwa nafurahi. Sikutengeneza tena lori ya kopo maishani mwangu.

Baba alikufa mwaka jana, akazikwa Kakuma. Jeneza, hema, ng'ombe wa kuchinja, gari la kuleta mwili, vyote vilitoka kwangu, na sioni aibu kusema. Nilikaa mstari wa mbele. Ewoi, ambaye sasa ni fundi wa pikipiki Kalobeyei, alisimama kuongea kwa niaba ya watoto, na mkononi alikuwa na ile ya trela. Rangi imekwisha, turubai imeoza, lakini trela bado inakata kona. "Papa hakuwa na kitu," akasema, "lakini hakuwahi kuja nyumbani mikono mitupu. Mkono wangu wa ufundi ni wake." Watu walilia. Lori ikapita mkono kwa mkono, mpaka madereva wangu mwenyewe wakaigeuza na kutikisa vichwa. Mmoja akanong'ona, "Mzee, kumbe hii damu ya malori ulirithi!"

Nilikuwa nimejiambia miaka yote kwamba baba hakujua kuwa baba, basi. Nusu ya madereva wa njia hii ndivyo walivyo. Pale mbele ya kaburi ndipo nilielewa jambo baya zaidi. Ile kamba. Mtu anayejua kwamba kamba inamkwaza mtoto wake ni mtu aliyekaa chini akamwangalia mtoto akicheza, akaona anapojikwaa, akalibeba jambo hilo dogo njia yote mpaka Lodwar bila kulisahau. Kumbe alijua kazi hiyo vizuri sana. Kwangu mimi aliangalia tangi tu.

Watu walipotawanyika nilimfuata Ewoi. "Niuzie hiyo."

"Hii? Kaka, wewe una malori ya kweli, unataka ya kopo ya nini? Hii ndiyo kitu pekee ya mkono wa Papa."

"Niuzie tu."

Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno: nilitengeneza mimi. Hayakutoka, na msiseme ni huruma. Mama hayupo tena, na baba ndiye huyo tumemfukia, nani angenishuhudia? Vidole vyangu vya leo haviwezi hata kukunja bati. Ningeonekana mtu tajiri anayemwibia maiti.

Ewoi akasema kwa aibu kwamba msichana wake ameitwa sekondari na bado hajapata karo, akataja kiasi. Ningeweza kumpa kama kaka, akanishukuru, yakaisha. Sikutaka kushukuriwa. Nilitaka kununua. Mimi ninayebishania bei ya nyanya sikuomba hata shilingi ipungue.

"Lakini uiweke vizuri," akaniambia, akiifuta vumbi kwa shati lake. "Usiwape watoto wachezee."

Nilitoa simu nikamtumia kiasi alichotaja palepale, nikamwekea na ada ya kutolea: shilingi elfu ishirini na tatu, mia sita tisini na saba.