Mstari Ambao Sikuutafsiri

Jumamosi, tarehe 23 Juni 2001, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mguu wangu wa kulia ulianza kucheza peke yake.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya kaka yangu, Kang'ata, wilaya ya Handeni. Kisigino kilipiga chini mfululizo, kama cha fundi anayekanyaga cherehani.

Nikalishika goti kwa mikono miwili. Halikutulia.

Kaka yangu, Lomayani, akanitazama akacheka.

"Mwalimu, ngoma ya nani hiyo?"

Nilitaka kumjibu. Taya likagoma.

Naitwa Tiampati. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na moja, nafundisha kemia katika sekondari moja mjini Korogwe. Ninayoyaandika hapa niliyaona mwenyewe, au niliyasoma baadaye kwenye faili langu la hospitali. Ya kuambiwa nimeyaacha.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaingia nchini. Mitumba, redio za bei rahisi, na virutubisho vya kuuziana mkono kwa mkono. Nami nikajiunga na kampuni moja, nikawa wakala.

Nilikuwa nauza kapsuli za mbegu za Griffonia, mmea wa Afrika Magharibi. Mbegu hizo zina kitu kinaitwa 5-HTP. Mwili hukigeuza kuwa serotonini, kemikali inayohusika na usingizi na hali ya moyo. Tafiti chache, tena ndogo, zilionyesha huenda inapunguza huzuni na kuleta usingizi.

Huenda. Neno hilo nilikuwa nalitamka haraka haraka mbele ya wateja.

Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza. Niliitafsiri mwenyewe, nikaichapa kwa taipu ya shule. Mstari mmoja niliuruka: usitumie pamoja na dawa za sonona.

Niliuruka kwa makusudi. Wateja wangu walikuwa kumi na mmoja, na niliamini hakuna hata mmoja anayemeza dawa hizo. Aliyekuwa anazimeza ni mimi.

Fluoxetine, kidonge kimoja kila asubuhi, huo ukiwa mwezi wa tano tangu nianze. Sababu haihusiani na simulizi hii. Daktari alijua, mimi nilijua, basi. Nilikuwa nimevihamishia kwenye kichupa cha vitamini ili hata mwenzangu wa chumba asivione.

Kwa hiyo mbegu nilikuwa nauza, lakini sikuwahi kuionja hata kapsuli moja.

Ijumaa jioni nilifika nyumbani kwa mapumziko. Lomayani akaona chupa mbili kwenye begi.

"Hizi zinatibu nini?"

"Zinaleta usingizi. Zinaondoa huzuni."

"Ni za hospitali?"

"Hapana. Ni mbegu za mmea tu. Hazina kemikali."

Mwalimu wa kemia ndiye aliyesema hivyo.

Asubuhi wakachinja mbuzi. Kwetu supu ya mbuzi huchemshwa na magome na mizizi, na kipimo chake ni sufuria. Hakuna anayehesabu. Ukinywa ukatapika, watu wanafurahi: uchafu umetoka, mti umefanya kazi.

Nilikunywa vikombe viwili vikubwa. Ilikuwa chungu kuliko kawaida, nikadhani ni magome.

Sasa nikiwa pale kwenye kigoda, mguu unacheza, nikageuza macho kuelekea jikoni. Chupa zangu mbili zilikuwa zimesimama karibu na mafiga, wazi, tupu. Pembeni yake kulikuwa na kichuguu cha maganda ya kapsuli, yamefunguliwa moja moja kwa uvumilivu.

Kapsuli mia moja na ishirini. Zote ziko kwenye sufuria.

Nilijua papo hapo kinachonipata. Serotonini ilikuwa inafurika, na dawa yangu ya asubuhi ilikuwa imeziba njia ya kuipunguza. Nilijua jina lake. Nilijua la kufanya: nisinyweshwe tena, nipelekwe hospitali, mtu aseme nimemeza dawa mbili pamoja.

Sikuweza kutoa hata neno moja.

Miguu ikakakamaa. Jasho likanilowesha shati lote. Nikaanguka kutoka kwenye kigoda, na mikono yao ikanibeba hadi ndani, juu ya ngozi ya ng'ombe.

Mama yangu, Nalotuesha, akanishika paji la uso.

"Anawaka moto."

"Uchafu haujatoka," alisema Lomayani. "Mimi nimeshatapika, tazama nilivyo mwepesi. Yeye bado. Yeyo, mletee kikombe kingine."

Yeyo ni mama. Yeyo akaleta kikombe.

Nilitikisa kichwa. Kichwa tayari kilikuwa kinatetemeka, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti.

Alikuja na kijiko. Alikipitisha kwenye meno kama wanavyofanya kwa mtu mwenye degedege. Taya lilikuwa limekaza kiasi kwamba sehemu kubwa ilimwagikia shingoni. Nilihesabu vijiko kumi na tisa. Labda vinne vilipita.

Masikio yalikuwa mazima. Akili ilikuwa nzima. Nilisikia kila neno, na hapakuwa na mlango wa kutokea.

Sadala, jirani Mzigua mwenye pikapu, aliitwa. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo mama. Huyu kapandwa. Nakuambieni, huyu si wa sindano."

"Kapandwa na nani? Ni msomi," alisema Lomayani.

"Mashetani nayo yanasoma siku hizi. Mpakieni."

Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu, kwenye barabara ya vumbi. Nililala nyuma ya pikapu, kichwa mapajani mwa mama. Mkononi Yeyo alikuwa ameshikilia kidumu cha lita tatu.

Supu ya njiani.

Muuguzi aliitwa Mwantumu. Mwanamke mfupi, miwani imefungwa kwa uzi. Aliweka kipimajoto, akasoma: thelathini na tisa nukta sita. Akachukua damu, akaiangalia kwenye darubini.

"Sioni malaria hapa."

Akanishika unyayo, akausukuma juu kwa ghafla. Mguu ukaanza kupiga, ukapiga, haukuacha. Akaurudisha chini. Akasukuma tena. Ukapiga tena.

"Anatumia dawa gani?"

"Hatumii dawa," alisema Lomayani. "Amekunywa supu tu."

"Supu ya nini?"

"Mbuzi na miti. Na mbegu zake mwenyewe, za chupa. Sote tumekunywa. Kama ni supu, mbona mimi nimesimama?"

Hoja yake ilikuwa nzuri. Ningekuwa muuguzi, ingenishinda.

Mwantumu alinisogelea. Aliinama hadi nikaona vumbi kwenye miwani yake.

"Mwalimu, unanisikia? Kama unanisikia, funga macho mara moja."

Nikafunga.

"Kuna dawa ya hospitali unameza?"

Lomayani alikuwa amesimama kushoto. Yeyo kulia. Miezi mitano nilikuwa nimejenga ukuta kati yao na kile kichupa. Mwezi uliofuata wazee walikuwa waende kuniposea, na mwenye dawa za kichwa hakuna anayekubali kumposea.

Nikafunga macho.

"Ya presha?"

Nikayaacha wazi.

"Kisukari? Kifafa?"

Wazi.

"Ya akili? Ya huzuni?"

"Dada," alisema Lomayani taratibu, "ndugu yangu si mwendawazimu."

"Sijakuuliza wewe, baba."

Macho yalikuwa yanawasha kwa jasho. Ningeweza kuyaacha wazi. Nililiwaza hilo, na nakiri nililiwaza kwa muda mrefu kuliko inavyomstahili mtu anayekufa.

Nikayafunga. Safari hii sikuyafungua haraka.

Niliposikia maji yanamwagika nje, nilijua ni kile kidumu. Mwantumu alikuwa amekimwaga mwenyewe. Alinichoma diazepamu, akaning'iniza dripu, akaagiza nguo zilowekwe maji na kuwekwa kwapani. Kisha akaandika barua ya rufaa na kumwambia Sadala awashe gari.

"Kwa hiyo si mashetani?" aliuliza Sadala.

"Mashetani yangekuwa rahisi," alisema Mwantumu. "Endesha."

Nilifika hospitali Korogwe saa kumi na moja jioni. Taya lilifunguka Jumapili mchana. Mguu ulitulia Jumanne.

Jumanne hiyo hiyo Lomayani alikaa pembeni ya kitanda, fimbo yake katikati ya magoti.

"Ulijificha kwetu," alisema.

"Ndiyo."

"Ulijificha vibaya. Yeyo aliona tangu Pasaka. Huli, hucheki, unakaa kama mgeni. Ulivyosema mbegu zako zinaondoa huzuni, nilisema basi, dawa ameibeba mwenyewe halafu anaiuza. Anawanywesha wengine."

Akatazama fimbo.

"Yule mbuzi hakuwa wa sherehe. Alikuwa wa kwako. Ndiyo maana niliweka chupa zote."

Nilimwomba radhi. Alisema radhi hiyo nimpe Yeyo, yeye ana ng'ombe wa kunywesha.

Mmenisoma mpaka hapa, basi mjue nilichotoka nacho. Kitu chenye nguvu ya kukubadilisha moyo kina nguvu ya kukudhuru, kiwe kimetoka kiwandani au kwenye mbegu. Mtajie daktari vyote unavyomeza. Na mtajie anayekupikia.

Nilipotoka wodini nilichapa karatasi upya, na mstari ule ndani yake. Nikazipeleka kwa wateja wote kumi na mmoja kwa miguu na kwa baiskeli. Sita wa kwanza waliniambia hawatumii dawa yoyote.

Wa saba alikuwa mzee Mhina, mstaafu wa reli pale Korogwe. Ilikuwa Jumatano, tarehe 11 Julai, saa tisa alasiri. Nikamsomea mstari.

Akacheka. "Mwalimu, humu ndani hakuna mtu wa dawa hizo. Ile chupa niliyonunua kwako ni ya mama huyu, usingizi unamsumbua. Anaanza leo."

Mke wake, bibi Mwaija, alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Akauweka chini. Akaingia chumbani.

Akarudi na pakiti ya vidonge yenye mhuri wa hospitali, akaiweka mkekani mbele ya mumewe.

Nikaisoma. Fluoxetine, kimoja kila asubuhi, tangu mwezi wa tatu.

Mzee Mhina akanirudishia ile chupa bila kuifungua.