Vitabu vya Kupigia Picha

Mdogo wangu Loyce hajawahi kumtukana mtu. Matusi ya ukoo mzima nimebeba mimi. Ndiyo maana niliposikia kafukuzwa shule kwa "kumdhalilisha mkuu mbele ya wageni", nilimshusha abiria palepale stendi ya Kasulu nikamwambia atafute boda nyingine.

Ilikuwa 2013, Loyce yuko kidato cha tatu. Walipewa projekti: kila kikundi kichunguze tatizo la kwao, kiandike, na alama zinaingia kwenye mtihani wa taifa. Kikundi chake kikachagua mihogo. Kwetu Titye majani yalikuwa yamejikunja, yana mabaka ya njano, mama aking'oa anakuta vimizizi tu. Loyce kazunguka mashamba, kauliza watu, kaandika yote. Kilichobaki ni kitabu: ugonjwa unaitwaje, unaenezwa na nini. Bila hivyo, kazi haipokelewi.

Na vitabu vipo! Hapo ndipo damu inapochemka. Chumba kizima kimejaa makabati. Vililetwa na wageni, mkuu wa shule akapiga kufuli. Eti wageni wakirudi wakute vimechakaa, hawataleta vingine. Wanafunzi wanavichungulia dirishani kama nyama buchani.

Wageni wakija, wanafunzi wenye sare safi wanaitwa, wanakalishwa humo chumbani, kila mtu anapewa kitabu cha kushika. Picha zinapigwa. Gari likiondoka, vitabu vinarudi kabatini. Shule nzima inajua, na hakuna anayeshangaa!

Safari hii Loyce aliitwa kwa sababu ya sketi mpya. Akapewa kitabu cha magonjwa ya mazao. Wenzake wanachekea kamera, yeye katoa kalamu anaandika mbiombio. Mama mmoja mgeni akamwinamia.

"Unapenda kuja hapa, binti?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza, mama. Naomba msiwahi kuondoka, sijamaliza."

Gari lilipotoka tu, mkuu akamnyang'anya kitabu. Nenda nyumbani, urudi na mzazi.

Baba akimwona mwalimu anaanza kuomba msamaha tangu getini. Nikaenda mimi, Loyce nyuma yangu, tukamkuta mkuu ofisini.

"Mwakeye, mwalimu," nikamsalimu kwa Kiha.

"Mzazi yuko wapi?"

"Ndiyo mimi."

"Wewe wa bodaboda?"

"Huyohuyo."

"Kijana, mdogo wako kaiaibisha shule."

"Kaulizwa, kajibu. Ulitaka aongope?"

"Vitabu hivi nimevitunza mimi. Hakuna hata ukurasa uliokunjika!"

"Hata maiti inatunzwa, mkuu. Lakini haifundishi mtu."

Madamu Siti, mwalimu wa baiolojia kutoka Tanga aliyekaa pembeni, akajifanya anakohoa. Mkuu akamkata jicho.

"Yule mama mgeni kalala gesti pale mjini," nikasema. "Napeleka abiria pale kila siku. Nikamuulize kama alileta vitabu vya kusoma au vya kupigia picha?"

Jamaa akanywea. Akavuta ufunguo mfukoni.

"Haya. Aingie yeye. Peke yake, na leo tu."

Nikajua yameisha. Loyce akasema taratibu, "Mwalimu, projekti ni ya kikundi."

Mkuu akanikodolea macho, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Wapi! Mimi ningetukana.

Wakaitwa wenzake, wakaingia wote. Mkuu aliwanawisha mikono kwa sabuni, kisha akawasimamia. "Usikunje! Usilambe kidole!" Loyce hakuinua hata kichwa. Akaupata: unaitwa batobato, unasambazwa na nzi weupe na mbegu za shina lenye ugonjwa. Sisi kila mwaka tunakata mbegu kwenye mashina yaleyale, halafu tunasema shamba limelogwa! Kazi yao ikaja kupokelewa, Madamu Siti mwenyewe akaisifia.

Watu wananiambia nishukuru. Nishukuru nini? Siku ileile, kabla hawajatoka vizuri, mkuu alishashika kufuli. Na nje walisimama Kasian, mwanafunzi mwenzao, na kikundi chake, wanaoandika habari za mmomonyoko wa ardhi, madaftari mkononi.

Wenzake Loyce wakatoka. Yeye akakaa kizingitini.

"Wewe binti, toka nifunge."

"Na hawa wana projekti, mwalimu."

"Nimesema toka!"

Hakutoka. Nikaenda nikakaa pembeni yake.