Papasi wa Kuazima Kule Kasigau

Sababu ya safari hii ilikuwa shahada, na wala si yangu. Mimi nauza mayai na kuku pale stesheni ya Voi, na mtu anayeuza yai kupitia dirisha la gari moshi lililokwisha kupiga honi hujifunza hesabu kwa haraka kuliko mwalimu anavyoweza kuifundisha. Aliyetaka shahada ni mpwa wangu Righa, mtoto wa dada yangu wa Chawia, kule milimani. Kijana alikuwa daktari tayari. Alisomea Kampala, akavaa joho, tukachinja. Halafu, katikati ya miaka hiyo ya hamsini, akaenda Uingereza kusomea udaktari mwingine juu ya ule. Nilipomwona amerudi kwa ajili ya utafiti wake nilimuuliza kama ule wa kwanza ulikuwa umeoza.

"Huu ni wa afya ya umma, Mjomba," akasema. "Si wa kumtibu mgonjwa mmoja mmoja."

"Unamtibu nani basi?"

"Wale ambao hawajaugua."

Biashara nzuri hiyo. Wateja hawaishi, na hakuna atakayerudi kulalamika kwamba hakupona.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa papasi, yule mdudu wa sakafuni anayenyonya damu usiku na kuleta homa inayoondoka, ukashukuru Mungu, halafu ikarudi. Miaka miwili nyuma watu wa afya walimwaga unga wa dawa katika kijiji kimoja cha Kasigau. Chawia hawakumwaga. Righa alitaka kujua kama papasi waliouawa na unga ule walikuwa wamerudi au la, basi ahesabu papasi wa Chawia, ahesabu na wa Kasigau, alinganishe. Chawia alikwisha kuhesabu. Alitoka huko na chupa zimejaa hata hazifungiki. Ilibaki Kasigau, na ilibaki haraka, maana meli yake ya kurudi chuoni ilikuwa karibu na hapakuwa na ya pili aliyolipiwa.

Dada yangu ndiye aliyenipachika. "Nenda naye," akaniambia. "Huyu ng'ambo imemsahaulisha kuomba. Anasema tafadhali halafu ananyamaza."

Kwetu mtu akisema tafadhali akanyamaza, huenda anaumwa. Nikakubali. Nikapatana na Righa ujira wangu, nikaupandisha mara mbili, na mara zote mbili nikakumbuka ni mtoto wa dada yangu nikaushusha.

Voi, alfajiri. Tulipanda lori la duka lililokuwa likipeleka chumvi na mafuta ya taa. Nilihesabu mizigo yetu wakati wa kupakia, nikaihesabu tena utingo alipomaliza kunihakikishia kwamba hakuna kilichopungua: chupa, koleo, shuka jeupe, na gunia dogo la unga wa dawa alilopewa Righa awagawie watu wa ng'ambo ya mlima kazi ikiisha. Tulipofika Maungu tukaacha barabara kubwa na kuingia ile ya Kasigau, kama inafaa kuitwa barabara. Mahali fulani tembo walikuwa wamesimama katikati wakivunja miti taratibu, kama wafanyakazi wa serikali. Dereva akazima gari. Tukangoja hadi walipomaliza zamu yao.

Kasigau, alasiri. Mlima umesimama peke yake nyikani kama mtu aliyegombana na ndugu zake wa Taita akahama. Mzee wa kijiji, jina lake Malemba, mtu mfupi mwenye koti la jeshi, alitukusanyia watu. Nikamwambia Righa aniachie niseme mimi. Akasema hapana, lazima watu waelezwe na mtafiti mwenyewe, ndivyo alivyofundishwa. Akasimama.

"Nimekuja kutafuta papasi katika nyumba zenu," akasema. "Nikiwapata, ni sawa. Nisipowapata, ni sawa pia. Naomba msijisumbue."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Malemba akaniinamia sikioni: "Kijana wenu ana adabu."

Nikapokea sifa hiyo kama ujira wa nyongeza.

Siku ya kwanza, asubuhi. Kazi ilikuwa hivi. Righa anaingia nyumbani, anachota vumbi karibu na mafiga na chini ya miguu ya kitanda, anatoka nalo na kulitandaza juu ya shuka jeupe juani. Papasi ni mjanja, akiona mwanga anajifanya jiwe. Ukivumilia kidogo jiwe linaota miguu. Tulivumilia. Hakuna jiwe lililoota chochote. Nyumba ya kwanza sifuri, ya pili sifuri, hadi ya kumi. Righa alikuwa na furaha ya kupasuka, mimi namjua tangu anabebwa, lakini chuoni walimwambia mtafiti haonyeshi uso wake. Kwa hiyo alitoka kila nyumba amekunja sura kama aliyepewa mwarobaini, chupa tupu mkononi, akasema ahsante na kwenda zake.

Jioni tulikula kwa Mama Wakesho, mjane tuliyelala kwake. Wakesho ni binti yake, aliyekuwa amerudi kwa mama kujifungua mtoto wa kwanza, na tumbo lilikuwa limemfikia pale ambapo mtu hukaa chini kwa awamu. Mama Wakesho alinipa bakuli la kimanga, ule muhogo wa kupondwa na maharagwe, na kuniuliza kwa sauti ya msibani:

"Mgeni wetu amekosa?"

"Amekosa, mama."

"Nyumba zote?"

"Zote."

"Lo! Na huko Chawia je?"

"Chawia? Alijaza chupa zikakataa kufungika."

Mama Wakesho akatazama moto. Halafu akainuka, akasema anakwenda mara moja kwa jirani, na kimanga chake kikapoa.

Siku ya pili, asubuhi. Nyumba ya kwanza, mawe manne yakaota miguu. Ya pili, sita. Ya tatu ilikuwa ya mwalimu wa kanisa, yenye sakafu ya saruji ambayo hata siafu angeteleza, na humo tukapata wanane, wamelala juu ya vumbi kama abiria wa daraja la kwanza. Righa akakaa chini palepale.

"Unga haukufanya kazi," akasema. "Jana ilikuwa bahati. Nimeandika miaka miwili kitu ambacho si kweli."

Mimi sikusoma, lakini nimenunua mayai ya watu wengi. Najua yai lililotagwa hapa na yai lililoletwa hapa. Papasi wa nyumba hujificha ndani ya nyufa, sasa hawa walikuwa juu ya konzi ya vumbi, na saruji yote kando yake ilikuwa imefagiwa. Nikamwacha Righa na huzuni yake nikamfuata Mama Wakesho, aliyekuwa akipepeta kunde.

"Mama, papasi wale ni wa nani?"

"Wa mgeni."

"Najua ni wa mgeni. Wametoka wapi?"

Akapepeta kwanza. "Ng'ambo ya mlima. Kwa dada yangu na majirani zake. Huko hawakumwagiwa unga, wako nao tele. Tumeazima."

"Mmeazima papasi?"

"Sasa tungefanyaje, shemeji? Mtu ametoka Ulaya. Hataki mbuzi, hataki kuku, anataka papasi tu, na anatoka nyumba baada ya nyumba mikono mitupu, uso umemkauka. Chawia wamempa, Kasigau tumnyime?"

"Lakini alisema asipowapata ni sawa!"

Akanitazama kwa huruma. "Na wewe ukienda kwa watu, ukaulizwa kama una njaa, unasemaje?"

Mgeni mwenye adabu husema msijisumbue, na mwenyeji mwenye adabu hujisumbua. Righa alikuwa amesema maneno yote ya adabu, moja baada ya jingine, bila kukosea, na kijiji kizima kilimwelewa.

Nilipomweleza, kwanza alicheka mpaka akafuta macho. Unga wake ulikuwa umefanya kazi. Halafu kicheko kikakatika katikati, akauliza: "Wakesho analala wapi?"

"Sakafuni, kwenye mkeka. Kitandani hawezi kupanda."

"Na kwa mama yake waliweka?"

Waliweka. Ndiyo nyumba waliyoiheshimu zaidi, kwa kuwa tulilala humo.

Righa akanieleza harakaharaka, na hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba udaktari wa wasioumwa una kazi. Watu wa ng'ambo ya mlima wanaumwa na papasi tangu utotoni, miili imezoea. Wa kijiji hiki walikuwa miaka miwili hawajaguswa, mazoea yamewatoka. Homa ile ikimpata mtu wa hivyo humwangusha, na ikimpata mwenye mimba huenda ikaondoka na mtoto, au na wote wawili.

Siku ya pili, mchana. Tukaanza kukusanya. Malemba aliwaita wote, kila mwenye nyumba akasema aliazima wangapi. Niliwahesabu kwa midomo yao, nikawahesabu tena kwa midomo ya wake zao, na ile ya wake ndiyo iliyokuwa sahihi: sitini na watatu. Tukachimba, tukatandaza vumbi, tukavumilia jua. Jioni chupani walikuwamo hamsini na wanane. Nikawamwaga kwenye beseni nikawahesabu upya, nikiwa natumaini kwa mara ya kwanza maishani mwangu kwamba nimejipunja. Hamsini na wanane.

"Watano tu," nikamwambia Righa. "Kwa biashara yoyote hiyo ni hasara ndogo. Tumpeleke Wakesho alale kwingine, nawe uandike sifuri. Wa kuazima si wa kwao."

"Kwingine wapi, nasi hatujui hao watano wako nyumba gani? Papasi hukaa miaka bila kula, Mjomba."

"Basi?"

Akatazama lile gunia la unga. Nikaelewa, nikakasirika kwa niaba ya dada yangu.

"Ukiumwaga huo leo, shahada?"

"Inakwenda. Swali langu ni kama unga wa miaka miwili bado unazuia. Nikimwaga mpya, hakuna atakayejua."

"Na usipoumwaga?"

Wakesho alikuwa mlangoni, ameegemea kizingiti, anachambua kunde na kuvuta pumzi kila baada ya punje chache. Alikuwa ametusikia. "Daktari," akasema, "mimi naweza kwenda kulala kwa mume wangu. Ni mwendo wa siku moja tu."

"Utalala hapa," Righa akasema.

Tukamwaga unga nyumba zote kabla jua halijazama, mimi nimefunga leso puani kama mwizi. Mama Wakesho alinifuata nyumba hadi nyumba, analia na kunigombeza kwa pamoja: "Mngesema! Mtu anatoka Ulaya kuja kutafuta kitu, kumbe anatafuta asikipate! Nani duniani anajua hayo?"

Siku ya tatu. Watu wa ng'ambo ya mlima wakaja kudai. Dada yake Mama Wakesho, mama mrefu mwenye sauti ya kufukuza nyani, alitaka papasi wake kumi na wawili. Righa akasema hawezi kuwarudisha. Mama akasema wale ni wa nyumba yake, wamewauma watoto wake wote na watoto wamepona, je, wakija papasi wageni wasiowajua watoto? Righa akamwambia atamletea unga awamalize wote. Mama akamwona hana akili.

Nikamvuta kando. Nimepatana bei ya vitu vingi, vingine hata havikuwa vyangu, lakini papasi sikuwahi. Alianza na mbuzi. Nikashangaa mpaka nikakaa chini. Akashuka hadi jogoo. Nikamuuliza papasi wake hutaga mayai mangapi kwa mwezi, akacheka kabla hajataka, na mwenye kucheka amekwisha kushuka. Tukamalizana kwa chumvi, yeye na majirani zake. Akakubali pia, kwa masharti, kwamba Righa atamtumia unga mwingine kutoka Voi na yeye ataujaribu kwanza kwenye banda la mbuzi.

Siku ya nne, kuondoka. Lori lilitupata tukiwa tumezungukwa na kijiji kizima. Nikajua desturi: mtu na kikapu chake, huyu viazi, yule asali, na mimi nilikuwa nimekwisha kupanga vitu vitakavyokwenda stesheni. Malemba akatangulia mbele ya Righa, akanyoosha mikono, akafungua viganja. Vitupu. Nyuma yake mwalimu wa kanisa, vitupu. Mmoja mmoja wakapita, wakamwonyesha viganja, wakamshika mkono. Mama Wakesho alikuja wa mwisho na kuvigeuza mara mbili ili aone pande zote, akiona uchungu kumuaga mgeni namna hiyo. Mimi nilipanda lori nikitafakari asali.

Voi, usiku wa kuamkia Jumapili. Dada yangu alikuwa ameshuka toka Chawia kutupokea.

"Amepata?" akaniuliza mimi, si mwanawe.

"Amepata sifuri," nikasema, "na ameinunua kwa shahada."

Alimtazama mwanawe, akampakulia chakula, akaongeza. Righa akapanda meli na nusu ya kazi, akawaandikia wakubwa wake mambo yote kama yalivyokuwa, jambo ambalo mimi nisingemshauri. Walimpa mwaka mwingine. Wakesho alijifungua msichana, na homa haikuingia nyumbani mwao.

Nilichojifunza ni hiki: usimwambie mwenyeji mwema kwamba huhitaji kitu, maana utakipata. Mwaka uliofuata Righa alirudi, akapewa kijiji kingine kilichomwagiwa unga, upande wa Mata, karibu na mpaka. Safari hiyo aliupa ushauri wangu nafasi. Kabla salamu hazijaisha alisimama mbele ya watu wa Mata akatangaza kwamba katika ukoo wa mama yake ni mwiko mkubwa mgeni kupewa mdudu na mwenyeji, na anayempa humpa mkosi. Ukoo wa mama yake ndio ukoo wangu, na mwiko huo hatuna. Lakini Mata ni watu wa heshima. Hawakumpa hata mmoja, naye akajipatia sifuri zake zote, nikamhesabia, na nikamhesabia tena.