Koili ya gari la Taata

Jumamosi. Asubuhi ya ukungu na manyunyu hapa Izimbya.

Leo nimeligundua tatizo la gari la Taata, baba yangu. Afadhali nisingeligundua.

Kwa msiojua: miaka ya ujamaa gari hili lilimzimikia mlimani, jua kali, akimkimbiza Mama hospitali akajifungue. Akambeba mgongoni. Mama na mtoto wakafia njiani.

Petroli ilikuwa adimu, naye alikuwa ametia ya magendo, iliyochanganywa na mafuta ya taa. Tangu hapo anajilaumu, na gari hakuliendesha tena.

Mwezi huu nimelifufua, koili, kile kifaa kinachoipa injini cheche, ikiwa ileile. Leo nikaleta osiloskopu ya chuoni, kifaa kinachochora umeme kwenye kioo.

"Hiyo televisheni yako inaonyesha mpira?" Taata akanitania.

Koili ikiwa baridi, mstari ulipanda vizuri. Ilipopata moto, mstari ukalala, injini ikazima.
Nikaiacha ipoe, nikihesabu dakika. Gari likawaka tena!

Nikapiga kelele kwa furaha. "Waitu Taata, haikuwa petroli! Ni koili!"

Akaigusa koili. Kisha akauliza taratibu:
"Kwa hiyo siku ile ningekaa tu nikasubiri, lingewaka?"

Mimi, mtu wa kupima kila kitu, hilo sikuwa nimelifikiria. Ninyi mngemjibuje?

"Hapana, Taata. Mlima ule, jua lile, isingepoa upesi."

"Ingechukua muda gani?"

"Zaidi ya saa tatu."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Kwenye daftari nimeandika dakika kumi na moja.