Nilivyomwoza Nyamvula kwa Jini

Huku mtaani Bofu wananiita Bi Tumu Chumvi, na chumvi yenyewe sijawahi kuuza hata kibaba. Mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba marehemu mume wangu alivuka Likoni mpaka ng'ambo amekaa kitako juu ya mgongo wa taa, yule samaki mpana kama jamvi, akafika bila kulowa msuli kiunoni. Mimi ndiye niliyesema kuna mbuzi Mtongwe anayejua nyakati za swala kuliko muadhini. Sikusoma. Shule niliiona paa tu, nikipita na ndoo kichwani. Mtu asiye na kitabu hujitungia cha kwake, na watu wakija mferejini walikuwa wakinisubiri mimi kuliko maji.

Leo nasema la kweli. Ukitaka usiniamini, hutakuwa wa kwanza.

Mlango wa Nyamvula unatazamana na wangu. Mdigo wa hapa hapa, mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, asiye na haraka. Mumewe alikwenda Miritini kupakia malori, akapata mke mwingine huko, na talaka ikaja kwa simu. Tangu hapo hakuolewa tena. Wachumba walikuja. Aliwapa chai, akawasindikiza. Kazi yake ni kuosha maiti wa kike. Mwanamke akifa huku kwetu, kabla kilio hakijakaa sawa mtu ashatumwa kwa Nyamvula. Anakuja na leso zake mbili na kafuri, anafunga mlango, na atakachokiona mle ndani hutoka nacho kifuani. Nimemjaribu miaka ishirini.

"Hebu nidokeze tu, Nyamvula. Yule bi mkubwa wa kule kona, ni kweli alikuwa na chale mgongoni?"

"Bi Tumu, muosha ana macho, hana mdomo."

Basi mdomo nilikuwa nao mimi, na balaa ilianzia hapo.

Siku moja mferejini maji yalikuwa yanatoka kama machozi ya mjane aliyekwisha pata mchumba. Foleni ndefu, jua kali, watu wamenuna. Mwanamke mmoja akaniuliza mbona Nyamvula haolewi. Nikaona huruma, nikawafungulia.

"Nani kasema hajaolewa? Ana mume, jini wa baharini, ana jino la dhahabu. Huja kila Alhamisi na kapu la pweza. Asubuhi tazameni sakafu yake, mtaona nyayo za maji, kubwa kama sinia, tena zote za mguu wa kushoto!"

Walicheka hata ndoo zikamwagika. Nyamvula mwenyewe alikuwa kwenye foleni, na ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Na mahari alileta nini, Bi Tumu?"

"Chaza mia moja, na nguva wa kukuoshea vyombo!"

Siku hiyo hiyo, kwa ulimi huo huo, nikamgeukia Mahir. Mahir ana duka la simiti na mabati kule barabarani, na ana wake watatu. Nikasema wamekuwa wengi mpaka amewasahau. Alikwenda kuposa Mikindani, akakubaliwa, siku ya harusi akafunua shela, akakuta ni mkewe wa pili. Na mke alinyamaza makusudi ale pilau ya harusi mara mbili. Watu walicheka vilevile. Nikarudi nyumbani na maji yangu, nimeridhika, kama mtu aliyetoa sadaka.

Mwaka uliofuata mjukuu wangu Hanan alishikwa na uchungu baada ya swala ya alasiri. Zahanati ya mtaani kwetu hufungwa saa kumi. Sisi tulifika saa kumi na robo. Tukakuta kufuli inaning'inia mlangoni. Tukatafuta gari, gari likapatikana jua linazama, na tulipokuwa njiani Hanan akaniachia mkono. Yeye na mtoto. Hapa sitii chumvi. Hadithi hii haiwezi kubeba hata punje.

Nyamvula aliwaosha wote wawili. Alifunga mlango, akakaa nao muda mrefu kuliko kawaida. Alipotoka, leso zilikuwa zimelowa chapachapa, macho makavu. Akaketi kando yangu wala hakuniambia "Mungu ndiye mpaji" kama wengine. Alikaa tu, bega lake limeegemea langu.

Siku ya arobaini, watu walipokwisha kula na kuondoka, akaniambia, "Bi Tumu, nimechoka kuosha watu ambao hawakutakiwa kufa. Nagombea kiti cha wadi. Nataka mlango ule ukae wazi usiku na mchana."

"Na mengine?"

"Mengine nitayafikiria mlango ukishafunguka."

Wagombea walikuwa wengi, lakini mwenye nguvu alikuwa Mahir. Mimi kwa ujinga wangu nilidhani watu wataweka kwenye mizani: huyu ametuoshea mama zetu, yule ametuuzia simiti. Nikasema kazi imekwisha kabla haijaanza. Loo!

Hazikupita wiki mbili, hadithi zangu zote zikaingia kwenye kampeni. Ile ya Mahir vijana waliitungia wimbo, wakawa wanauimba juu ya pikapu: "Dume hilo, laoa palepale!" Mahir anapunga mkono, meno nje. Wazee barazani wakasema, mwanamume anayemudu nyumba tatu atashindwaje na wadi moja? Ya Nyamvula haikupata wimbo. Iligeuka swali, likawa linatembea nyumba kwa nyumba kama kipindupindu. Kwani mumewe ni nani hasa? Mwanamke hana mume, anaongozwa na nani? Na mle ndani anamojifungia na maiti, hufanya nini? Uongo wa siku moja, wa mfereji mmoja. Wake niliomzidishia Mahir wakawa nguvu zake, na mume niliyempa Nyamvula bure akawa aibu yake.

Ukaja mkutano wa wagombea wote, uwanja wa shule, Jumapili asubuhi. Mahir aliulizwa habari ya barabara na mitaro. Akajibu. Kisha akamtaja mamake aliyemlea kwa kuuza mikate ya vibibi, sauti ikamkatika, akatoa leso akajifuta macho. Watu wakaguna kwa huruma. "Huyu ana moyo," alisema mama mmoja aliyekaa karibu nami, naye akajifuta yake.

Akasimama Nyamvula. Kabla hajafungua kinywa, Absalom, fundi wa magurudumu, mtu wa bara anayekaa nyuma ya msikiti, akainua mkono.

"Mama, swali dogo tu. Kwako nyumbani kichwa ni nani?"

"Kichwa ninacho mwenyewe, kaka. Nilizaliwa nacho."

Uwanja ukacheka, na Absalom mwenyewe akapiga makofi. Nikajisemea, tumeshinda! Mara sauti ikatoka nyuma: "Na yule wa Alhamisi je? Wataapishwa pamoja?"

Hapo palilipuka. Kijana mmoja akaja mbele na chupa ya maji, akamwaga chini, mbele ya miguu ya Nyamvula, kidogo hapa, kidogo pale, kama nyayo. "Tazameni! Shemeji yetu keshafika!"

Nyamvula alizitazama zile nyayo, akangoja kelele zipungue. "Nataka zahanati ikae wazi," akasema. "Kuna mtu alifika pale saa kumi na robo..." Sauti ikakwama. Ikakwama tu, wala chozi halikutoka.

"Ah, wanawake! Basi ndiyo imeanza hiyo," akasema yule mama karibu nami, leso yake bado ina machozi ya Mahir.

Nikasimama. Magoti haya hayana adabu tena, lakini siku ile yalinitii.

"Nisikilizeni! Jini nimemtunga mimi!"

"Bi Tumu kaamka!" wakapiga kelele. "Tupe, Bi Tumu!"

"Wallahi nimemtunga! Hakuna jini!"

"Na jino la dhahabu?"

"Hakuna jino! Mferejini, nilikuwa nawachekesha..."

"Ehe! Halafu ikawaje?"

Kila nilivyoapa, walicheka. Niliapa kwa msahafu, wakashikana mbavu. Mahir mwenyewe alikuwa anapiga mapaja. Maisha yangu yote nimesema uongo watu wakacheka, na siku niliyosimama na kweli, kicheko kikawa ni kile kile. Mtu akanivuta buibui nikakaa.

Jioni ile nilivuka njia nikaenda kwa Nyamvula. Nikamkuta anafua.

"Waambie ya Hanan," nikamwambia. "Waambie ulichokiona ulipomwosha. Mimi bibiye nakupa ruhusa. Watalia, watakuchagua, na mlango utafunguka."

Alikamua leso, akaitundika kwenye kamba, akainyoosha pindo kwa pindo.

"Bi Tumu, Hanan alinijia mikononi hana nguo wala kauli. Nimpandishe jukwaani vile?"

Nikaichukua ile leso ya pili, nikaikamua.

Kura zikapigwa. Kusoma sijui, lakini picha yake niliijua, nikaiwekea alama kubwa kama nyumba. Haikusaidia. Mahir aliwaacha wote mbali. Nyamvula alikuwa wa nne. Hata kijana mmoja ambaye hakuna aliyemjua kwao alimpita.

Siku ya tatu akaja Rosalia, anayekaanga viazi karai pale njia panda. Alipofiwa na mamake, kule kwao bara, Nyamvula alikaa naye siku saba akimpikia uji, na dini zao mbalimbali. Akaketi kizingitini kwangu, akawa anachezea pindo la aproni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umefuata nini na uso huo?"

"Bibi, mimi sikumpa kura Nyamvula."

"Kwa ajili ya yule jini?"

"Jini gani, Bibi!" Akanitazama kama anayemtazama mtoto. "Nani hajui kuwa ni maneno yako? Hakuna mtu aliyeamini."

"Sasa?"

"Sijui. Nilikuwa na kalamu mkononi. Nikaiona picha yake, nikasema, mwanamke peke yake, hana mtu nyuma yake, wale wanaume watamtafuna. Nikampa Mahir." Akafuta pua. "Na Mahir simpendi hata kidogo."

Neno hilo lilinikata kuliko matusi yote ya uwanjani. Kumbe hakuna niliyemdanganya. Walikuwa na mzigo wao tangu zamani, wanatafuta pa kuutundika, nami nikawapigilia msumari. Tena nikajiuliza: mbona Mahir nilimzidishia wake, na Nyamvula nikamtafutia mume? Hakuna aliyenifundisha. Ilinijia yenyewe, kama mate.

Nikapika mahamri, nikayafunika kwa kawa, nikavuka njia kwenda kutaka radhi. Nyamvula alikuwa anakunja zile leso zake mbili, maana kulikuwa na msiba na gari lilikuwa njiani kumchukua. Muosha hapewi likizo kwa kushindwa uchaguzi. Yule kijana aliyemmwagia maji miguuni, mama yake ndiye aliyekufa.

"Nimekuja kwa ajili ya yule jini," nikasema. "Nisamehe, mwanangu."

"Nami si nilicheka, Bi Tumu? Nilicheka kuliko wote."

"Nikifa utaniosha?"

"Nitakuosha. Mwili wote, mpaka kucha. Lakini ulimi utakwenda nao hivyo hivyo, malaika wa kaburini, Munkar na Nakir, wajionee wenyewe."

Tukacheka sote wawili. Mimi niliacha kucheka, yeye mabega yakaendelea kutikisika, na nilipomtazama vizuri nikaona kile ambacho sijapata kukiona kwake kwa miaka ishirini, hata siku ya Hanan. Nikamshika mkono. Mkono wa baridi, wenye harufu ya kafuri. Gari likapiga honi. Akajifuta uso kwa leso ya maiti, akaenda kumwosha mama wa mtu.

Mahir ameipaka zahanati rangi ya kijani. Juu ya mlango wametundika picha yake, anacheka. Kufuli ni mpya, inang'aa, na saa kumi juu ya alama inafungwa. Naisikia kutoka barazani kwangu: ka! Mferejini bado wananiita. "Bi Tumu, hebu tupe moja, foleni ndefu!" Nawaambia zimeniishia. Wanacheka. Wanadhani hilo nalo ni moja ya zile zangu.

Intisar, mdogo wake Hanan, ana mimba. Mwezi wake wa nane umeandama juzi. Nimemkalisha chini, nimempa nasaha zote anazotakiwa kupewa mwanamwali na bibiye, na ya mwisho ni hii: nimemwambia azae asubuhi.